Golikipa Niliyemtoa Mgodini

Jumatatu, 2 Agosti 1937

Tumefungwa tena. Matano kwa sifuri, na watu wa reli, ambao nusu yao walikuwa wametoka zamu na masizi usoni. Akida, golikipa wetu, aliruka mara moja tu mchezo mzima, na ni kwa sababu alikanyaga mwiba. Akida ni shemeji yangu. Muuza nyama, mtu mwema, mpana. Ungedhani upana unasaidia golini. Hausaidii.

Leo nimeshona kola ya shati juu chini. Tajiri wangu, ambaye cherehani yangu ipo barazani pa duka lake, aliigeuzageuza akaniuliza kama mteja ana shingo kiunoni. Nikafumua.

Shida yenyewe ni hii. Tarehe ishirini na nane timu ya mgodi inakuja kutoka upande wa Rwamgasa kugombea kombe. Walilichukua mwaka juzi. Walilichukua mwaka jana. Wakilichukua na mwaka huu, linakuwa lao moja kwa moja; ndivyo ilivyoandikwa. Na mimi, Zamoyoni, ni katibu wa Radi ya Mjini tangu siku ilipoundwa.

Mke wangu Mwamvua ameniuliza, kombe likienda mgodini, sisi hapa Shinyanga tutapungukiwa na nini. Nimemwambia hawezi kuelewa. Kisha nimekaa nikijaribu kuelewa mwenyewe.

Alhamisi, 5 Agosti

Gazeti la mwezi uliopita limenifikia, baada ya kupita kwa karani wa posta, mwalimu na kinyozi. Limeandika kwamba Ulaya wapo watu ambao kazi yao ni kucheza mpira. Hawalimi, hawachungi, hawashoni. Wanalipwa kila juma kama makarani, na timu inaweza kumuuza mchezaji wake kwa timu nyingine. Kumuuza! Nimesoma mara tatu.

Nimewaza sana juu ya jambo hili huku nikitoboa matundu ya vifungo. Mtu akilipwa kucheza, siku akikosa goli anasikitika kwa ajili ya timu au kwa ajili ya mshahara? Na mimi ninayesimama kando ya uwanja nikipiga kelele mpaka koo linakauka, mbona hakuna anayesema nilipwe? Mchezaji anacheza kwa miguu miwili. Mimi nacheza kwa miguu ishirini na miwili. Nachoka kuliko wote.

Jioni nilimweleza Theonest maoni yangu. Theonest ni dresa wa hospitali, mtu wa Bukoba, na ndiye kapteni wetu. Anafunga vidonda vizuri na anapanga timu vibaya. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo linaloniudhi, halafu akasema mgodi nao unalipa kwa namna yake: wachezaji wao hawashuki shimoni, wanapewa kazi za juu, kupanga mapipa na kufagia ofisi. Ndiyo maana wana pumzi. Nikamwambia hiyo ni aibu, mpira uchezwe kwa mapenzi. Akakubali. Akauliza, basi tufanyeje kwa mapenzi hayo tusifungwe matano?

 Jibu nimeshaanza kulitafuta.

Jumatatu, 9 Agosti

Niko ndani ya lori la mizigo, njia ya Kahama. Tajiri ana marobota ya mashati ya kupeleka kwenye duka la mgodini, na nilimwambia kwamba mashati yale hayawezi kwenda bila fundi, kwa sababu huko watataka kupunguziwa mikono. Alinitazama kwa shaka. Akaniruhusu.

Mpango: nitawatazama wachezaji wao wakifanya mazoezi, nitajua nani ana mguu mbovu na nani anapenda pombe. Kisha nitamchukua mmoja. Si kumnunua. Mimi si Mzungu wa gazetini. Nitamwambia tu maneno mazuri.

Mwamvua amenifungia mihogo na kunisisitiza nisiahidi kitu ambacho si changu. Sijui kwa nini alisema hivyo. Ameolewa nami miaka ishirini na mbili.

Jumamosi, 14 Agosti

Mgodini. Vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Mashine ya kusaga mawe hainyamazi. Watu hapa huongea kwa kupaza sauti hata wanapoambiana siri.

Mazoezi ya mpira hayakuwapo. Badala yake nimeona ajabu.

Yupo Mmarekani mmoja, fundi wa kuchoronga miamba, mrefu, shingo nyekundu, mkimya. Kila Jumamosi baada ya kazi hukusanya watu uwanjani na kuchezesha mchezo wa kwao. Mtu mmoja anasimama na gongo. Mwingine, kutoka mbali, anamrushia kampira kadogo, kagumu kama jiwe, kana kwamba ametukaniwa mama. Mwenye gongo analizungusha hewani. Mara nyingi anapiga upepo. Akibahatika akaupiga, anatupa gongo na kukimbia kuzunguka uwanja, halafu anarudi palepale alipoanzia. Wengine wote wamesimama mbalimbali kama watu wanaosubiri treni.

Nilitazama saa mbili. Hakuna aliyepiga mpira kwa mguu hata mara moja. Nikawaza, mchezo gani huu ambao miguu ni ya kusimamia tu? Mpira wetu hata mpita njia anauelewa: kuna mlango, kuna watu wanataka kuingia, kuna watu wanakataa. Hii ni haja ya kila binadamu. Lakini kukimbia mzunguko ili ufike ulipokuwa?

Mpishi wa yule Mmarekani, anayejua lugha yao, alinieleza kwamba kwao wachezaji wa gongo hulipwa, na watu husafiri kwa treni kwenda kuwatazama. Bwana wake alipokuwa kijana alitaka kuwa mmoja wao. Alikuwa mrushaji. Bega likamuumia, likakataa, basi. Ndiyo akajifunza kuchoronga mawe na kuja mbali huku. Nilimtazama tena yule mtu. Alikuwa anamwonyesha kijana wa Kizinza jinsi ya kushika mpira kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayemwonyesha mtoto jinsi ya kushika yai. Sikuucheka mchezo wake tena kwa muda. Kama robo saa.

Halafu nikamwona mdakaji.

Nyuma ya mwenye gongo huchuchumaa mtu mmoja mwenye glavu nene ya ngozi. Kazi yake ni moja: kisipite kitu. Kampira kanakuja kwa kasi ya risasi, naye anakapokea kama anapokea kikombe cha chai. Juu, chini, kando, hakuna kinachompita. Nilihesabu arobaini, akadaka arobaini. Jina lake Mihayo. Msukuma wa Kizumbi, karibu kabisa na mjini kwetu!

Nimekaa chini.  Nimekuja kutafuta fowadi na nimepata golikipa.

Jumapili, 15 Agosti

Nimezungumza na Mihayo. Nilianza kwa salamu ya Kisukuma, mwangaluka, akafurahi sana, akaendelea kwa Kisukuma, nikawa sielewi tena. Tukarudi kwenye Kiswahili.

Ni mtu wa miaka ishirini na minne, mpole, mikono kama makasia. Kazi yake ni shimoni. Anayedaka kwenye gongo hapewi kazi ya juu, kwa kuwa wakubwa wa mgodi wanauona mchezo ule kuwa upuuzi wa Mmarekani. Aliniuliza kama nina habari za Kizumbi. Mkewe, Mbuke, alimwacha ana mimba kubwa. Hajapata neno tangu mwezi wa sita.

Hapa niliteleza. Sijawahi kumwona Mbuke. Sijui hata nyumba yao iko upande gani. Lakini niliona nikisema sijui, mazungumzo yatakwisha. Nikamwambia wanasema mke wake anamuulizia kila siku.

 Akatazama mikono yake.

Nikaongeza, kwa kuwa nilikwisha kuanza, kwamba mjini kuna kazi ya upagazi stesheni, na kwamba stesheni masta ni rafiki yangu. Ukweli ni kwamba niliwahi kumshonea suruali. Ilimbana, lakini hakulalamika sana. Mtu wa namna hiyo ni rafiki.

Mihayo alisema mkataba wake haujaisha, amebaki na mwezi na nusu. Nikamwambia mwezi na nusu si kitu. Yaani si kitu kwangu mimi, ambaye sikuweka dole gumba. Hilo sikulisema.

Ijumaa, 20 Agosti

Nimerudi juzi. Leo mchana, nikiwa kwenye cherehani, kivuli kikanifunika. Mihayo! Amekuja kwa miguu na kwa kudandia mikokoteni, siku nne. Alipitia Kizumbi kwanza. Mbuke amejifungua hospitalini hapa mjini mtoto wa kike, ana majuma mawili, na kweli kabisa alikuwa akimuulizia mumewe kila siku.

Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa Kisukuma, “Wabeja sana, Baba. Bila wewe nisingejua.”

Niliona haya. Nilimsingizia mwanamke yule maneno, kumbe alikuwa anayasema. Nimeliwaza jambo hili jioni nzima. Uongo ukigeuka kuwa kweli ukiwa bado njiani, aliyeutuma ana kosa? Nimeamua hana. Mwamvua, nilipomweleza, ameamua tofauti.

Pia ameuliza kaka yake Akida atakuwa nani sasa. Nimesema golikipa wa akiba. Ugali wa usiku huu ulikuja peke yake, bila mboga.

Jumapili, 22 Agosti

Mazoezi. Nilimweka Mihayo golini, nikawaambia vijana wampige mipira kwa nguvu zao zote. Akadaka yote. Theonest mwenyewe alipiga mashuti kumi, akiwa amekunja uso kama anachanja ndui. Kumi yote mikononi! Watu waliokuwa wakirudi kanisani walisimama. Watu waliokuwa wakienda sokoni walisahau soko. Akida alipiga makofi kuliko wote. Amekiri kwangu kwamba tangu mwaka jana anauogopa mpira, alikuwa anacheza kwa sababu mimi ni shemeji yake na aliona haya kukataa.

Theonest aliniuliza kama nimemfundisha Mihayo sheria za mpira. Nikamjibu nimemfundisha zote. Kusema kweli tumezungumza kwa saa nyingi, barazani, mimi nikishona. Nimemweleza kwa nini Radi inafungwa, kwa nini Theonest hafai kuwa kapteni, na maoni yangu kuhusu watu wanaolipwa kucheza. Alisikiliza kwa adabu sana.

Kuna jambo nimeligundua nikimtazama leo. Mimi sijawahi kucheza mpira. Nilipokuwa kijana Tabora walinijaribu siku moja, wakanirudisha kando kabla ya nusu ya kwanza kwisha. Nikabaki kando mpaka leo. Miaka yote hii hakuna mtu aliyewahi kushangilia tundu la kifungo nililolitoboa vizuri. Lakini mpira ukiingia, Msukuma, Mnyamwezi, Mmanyema, Mhindi wa dukani, wote wanafungua kinywa mara moja, na mimi nimo ndani ya sauti hiyo. Labda hicho ndicho tutakachopungukiwa. Nitamweleza Mwamvua akianza kuongea nami.

Alhamisi, 26 Agosti

Habari mbaya. Dereva wa lori amesema timu ya mgodi inakuja pamoja na nyapara wao, Mageni, mtu anayekumbuka sura ya kila mtu aliyewahi kushuka shimoni. Na Mmarekani anakuja naye, kwa sababu siku hizi uwanja wa gongo umelala. Hakuna wa kudaka.

Sikufikiria haya. Mtu akiacha mkataba anaweza kupelekwa bomani na kufungwa. Nililijua hilo, ila nilikuwa nalijua kwa mbali.

Mihayo aliposikia hakunilaumu. Aliuliza tu kama ile kazi ya stesheni iko tayari. Nikamwambia masta bado anafikiri. Masta hajaambiwa.

Lakini nina mpango. Jumamosi Mihayo atakuwa Salimu, mpwa wangu kutoka Pangani. Nimemshonea kofia. Tatizo ni Kiswahili chake. Akifungua mdomo Pangani inatoweka. Kwa hiyo Salimu ni bubu. Nimewaarifu wachezaji wote, na refa, na muuza kahawa. Theonest amesema hatashiriki uongo huu. Amesema pia kwamba Mihayo ana sababu ya kweli ya kuwa hapa, mke aliyejifungua, na kweli hiyo ingetosha. Mtu wa hospitali! Haelewi mipango.

Jumamosi, 28 Agosti

Naandika kwa taabu.

Uwanja ulijaa. Sijapata kuona watu wengi namna ile tangu treni ya kwanza ilipokuja. Kombe lilikuwa juu ya meza, limefunikwa kitambaa. Mageni alikaa upande wa pili kwenye kiti, fimbo magotini. Mmarekani alisimama nyuma yake, na kwapani alikuwa amebana kitu cha ngozi. Salimu aliingia golini na kofia yake. Nilisalimu watu wawili watatu na kuwahadithia ububu wake, jinsi ulivyoanza utotoni.

Dakika ya saba fowadi wao alipiga shuti ambalo lingemtoa Akida roho. Salimu akaudaka mpira kifuani, safi kabisa, na kwa furaha akapiga ukelele uwanja mzima ukasikia: “Nadima!” Nimeudaka, kwa Kisukuma. Bubu wa Pangani.

Mageni akainuka kwenye kiti.

Lakini hilo halikuwa baya zaidi. Refa alipuliza filimbi na kuonyesha katikati ya uwanja. Goli! Nilivuka mstari wa watazamaji, nikamkimbilia kumwuliza goli la nini, mpira si huo mikononi? Akanionyesha chini. Leo watu wa boma walichora mistari kwa majivu. Mihayo alisimama nyuma ya mstari, hatua moja nzima, mpira mkononi, akitabasamu.

Ndipo nilipoelewa. Kule kwenye gongo mdakaji anaupokea mpira mkali kwa kurudi nao nyuma kidogo, ili usimwumize. Huko nyuma kwake hakuna mlango. Anaweza kurudi mpaka Kahama. Na siku ya mazoezi uwanja haukuwa na mistari. Sote tulitazama mikono yake, hakuna aliyetazama miguu. Katika maneno yote niliyomwambia barazani, sikuwahi kumwambia kwamba kuna mstari.

Nikamwambia kwa kupaza sauti. Akaitikia kwa kichwa. Lakini mwili haubadiliki kwa kuambiwa mara moja. Kipindi cha pili akadaka tena, akarudi tena. Na mara ya tatu.

Radi walicheza kama watu walioota mbawa. Theonest alifunga, kisha akafunga tena. Mabao mawili! Hatujawahi kufunga mawili mwaka huu. Hakuna mpira hata mmoja uliompita golikipa wetu, na tumefungwa matatu kwa mawili.

Kombe limeondoka. Lilipopakiwa kwenye lori watu walinyamaza wote kwa pamoja. Hiyo nayo ni sauti.

Jumapili, 29 Agosti

Jana sikuweza kuandika yaliyofuata.

Mchezo ulipokwisha Mageni alivuka uwanja moja kwa moja hadi golini na kumshika Mihayo mkono. Akasema kesho yake atampeleka bomani. Watu wakazunguka. Mimi nilikuwa nyuma ya muuza kahawa. Nilikuwa nikijiambia kwamba nasubiri wakati mzuri wa kusema. Nimewaza usiku kucha juu ya wakati huo mzuri, ungekuwa upi.

Aliyesema ni Theonest. Jasho likimtiririka, alimweleza Mageni kwa utulivu kwamba mke wa mtu huyu alijifungua hospitalini tarehe saba, kwa shida, na kwamba yeye mwenyewe alikuwapo na daftari lipo. Kisha akayarudia hayo kwa Kiingereza kwa Mmarekani. Hakunitaja. Angeweza kunitaja.

Hapo nikajitokeza. Nilikusudia kusema kwamba kosa ni langu. Nilipofungua kinywa nilijikuta namweleza Mageni juu ya ule mstari wa majivu, kwamba haukunyooka. Nilisikia sauti yangu mwenyewe nikaionea aibu. Nikaanza upya. Nikasema mimi ndiye niliyemtoa mgodini, na kwamba ile kazi ya stesheni haipo. Mihayo hakujua hilo mpaka dakika ile. Aliligeukia neno hilo polepole, kama mtu aliyeitwa kwa mbali.

Mmarekani alimwambia nyapara kitu, nyapara akaachia mkono. Kisha akatoa ile ngozi kwapani. Ilikuwa glavu. Akamnyooshea Mihayo, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, “Rudi. Mimi ngoja wewe.” Uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba. Nilimtambua. Ni uso wangu.

Mihayo hakuipokea. Aliivua kofia niliyomshonea, akaikunja vizuri, akanipa. Halafu akasema, bila hasira, na watu wote wakisikia:

“Nitarudi kumaliza mkataba, kwa sababu niliweka dole gumba. Lakini michezo yenu yote miwili nimeiacha. Bwana huyu ameipenda mikono yangu, na wewe Baba umeipenda mikono yangu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mwenye mikono anapenda nini.”

Nikamwuliza anapenda nini. Nilichelewa, lakini niliuliza.

Akasema anapenda kumshika mtoto wake. Nyapara na Mmarekani wamempa majuma mawili kabla ya kurudi. Akaondoka kwa miguu kuelekea Kizumbi, na Mmarekani akabaki amesimama na glavu, nami nimesimama na kofia. Tulitazamana kidogo. Ningejua lugha yake ningemwuliza habari za bega lake.

Leo nimekwenda Kizumbi na kanga mbili na vigauni vitatu vya mtoto, nilivyovishona tangu alfajiri. Mbuke alivipokea. Mihayo alikuwa shambani, sikumfuata. Mtoto wao wamemwita Nyamizi. Niliporudi, Mwamvua aliniwekea mboga. Nilikula, na sikuuliza kwa nini.

Jumamosi, 11 Septemba

Majuma mawili sijaandika, kwa sababu nilikuwa natafakari. Ni jambo zuri kutafakari. Nilimwomba Theonest radhi, akakubali haraka mno, nikaudhika kidogo. Nilimwambia Mwamvua nimekuwa mtu mpya. Kwamba binadamu si mikono yake, kwamba nimelielewa hilo kabisa, na sitatazama tena mikono ya mtu maishani mwangu.

Jana nilipita mnadani. Fahali mmoja mwekundu alikata kamba akawatimua watu. Wote tulikimbilia nyuma ya lori. Isipokuwa mtu mmoja, mchungaji, mrefu kama mlingoti wa simu. Alikimbia sambamba na yule fahali, akampita, akageuka kwa mguu mmoja palepale, fahali akaenda kulia yeye akaenda kushoto, kisha akaruka ua wa miiba bila kuugusa.  Kasi ile! Kugeuka kule! Winga wa kulia, kama alivyoumbwa.

Mikono yake sikuitazama hata kidogo.

Nimeulizia. Anaitwa Makoye, anachunga ng'ombe za mjomba wake upande wa Ibadakuli. Mjomba huyo wanasema ni mkali, hampi ruhusa hata ya kwenda ngomani. Lakini nimefikiria kwamba fundi akifika na koti zuri, na neno kwamba Bwana Shauri mwenyewe, Mzungu wa bomani, amemsifu kijana, mjomba atalegea. Bwana Shauri hajamwona bado, lakini atamwona.

Safari hii nitafanya mambo kwa utaratibu. Kwanza kabisa, kabla ya chochote, nitamwuliza Makoye mwenyewe kama anapenda mpira. Nitakwenda Jumatatu asubuhi kumwuliza.

Kaptula yake nimemaliza kuishona leo.